Uwanda wa Serikali na Haki ya Mtu wa Nungwi

Huulizwa aghlabu barazani Nungwi, hasa pale kipande cha uwanda kilicholala bure miaka mingi kinapoanza ghafla kupimwa na watu wasiojulikana: je, kijiji hakiwezi kukiomba kipande hicho Serikalini, kikawa chake? Jawabu, ingawa halipendezi, ni kwamba kijiji kwa jina lake hakimiliki ardhi Unguja; kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitiwa mkononi mwa Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi Namba 12 ya 1992 ikaithibitisha kuwa ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, raia akabaki na haki ya kuitumia. Wala mtu asighurike na habari za halmashauri za vijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ni ya Bara, na ardhi si jambo la Muungano. Kwingineko ombi la namna hii lina mlango: Marekani, kwa mfano, sheria ya 1975 iliruhusu ardhi ya serikali isiyohitajiwa tena, iliyo ndani ya maeneo waliyotengewa wenyeji wa asili, iwekwe amana kwa ajili ya makabila yao. Kwetu mlango huo haukufunguliwa.

Ipo, hata hivyo, milango mingine. Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 ana ruhusa ya kuomba haki ya matumizi kwa hati, ombi likipitia Kamisheni ya Ardhi, ilhali mgeni mwenye hoteli hukodishwa tu. Kauli ya wazee kwamba hapa ni kiambo chetu tangu enzi za mababu ni ushahidi wa kusikilizwa, nami siidharau; lakini mbele ya mwenye hati iliyosajiliwa huhitaji mashahidi wengi na subira nyingi. Jamii nayo, kwa Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, yaweza kufunga mapatano na Serikali ya kuutunza na kuutumia msitu wake: si milki, bali ni sauti iliyoandikwa.

Na ikiwa ardhi itatwaliwa kwa maslahi ya umma, Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 17, yadai fidia. Hapa wengi hukosea, wakidhani asiye na hati hana kitu. Kumbe kwetu mti ni mali mbali na ardhi, na mnazi una mwenyewe hata ukisimama juu ya ardhi isiyo yake. Ikitokea hitilafu, shauri hupelekwa Mahkama ya Ardhi, iliyowekwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Basi kabla mapimo hayajafika, ihesabu minazi yako mbele ya sheha, iandikwe na kutiwa saini; na karatasi ile usimkabidhi dalali.