Anapokataa Kula: Njia ya Matibabu kwa Familia za Makobola

Hapa Makobola, kwenye barabara ya Uvira hadi Baraka, ukisema mtu amekonda, wengi watafikiria bwaki, yaani utapiamlo wa watoto wadogo, au familia iliyokimbia ikaacha mihogo yake shambani. Kwa hiyo mtu anayekonda huku bugali na ndagala vipo nyumbani huchelewa kutambuliwa. Huambiwa ana kiburi, amelogwa, au anamfikiria mwanaume. Miezi inapita.

Kuna maradhi ya ulaji, nayo ni magonjwa ya akili yanayoweza kuua kupitia mwili. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, na hofu hiyo haimwachi hata akibaki mifupa. Mwenye bulimia hula kwa pupa akiwa amejificha, kisha hujitapisha au kunywa dawa ya kuharisha. Uzito wake huenda usibadilike, basi jirani haoni kitu. Mwingine hula kupita kiasi bila kutapika, kisha hubaki na aibu.

Huku kwetu ipo pia sura ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kidogo: mtu aliyeacha kula baada ya msiba au vita, asiye na habari kabisa na unene. Chakula hakimpiti kooni. Makobola haihitaji kufundishwa jambo hili. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema zaidi ya watu 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Mtu wa namna hiyo huenda ana sonona au kiwewe, na tiba yake si ile ya anoreksia. Lakini wote wanaanzia mahali pamoja.

Mahali hapo ni kituo cha afya. Kabla ya kuzungumzia akili, muuguzi atatafuta ugonjwa wa mwili: kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kisukari, vidonda vya tumbo, minyoo, mimba. Msiuone muda huo umepotea. Mwendeeni na habari kamili: hali ilianza lini, anaacha chakula gani, kama hukimbilia choo kila baada ya kula, kama damu ya mwezi imekatika, kama amewahi kuzimia. Msimpime binti wa miaka 16 kwa mkanda wa mkono wa watoto. Alama yake nyekundu, chini ya milimita 115, iliwekwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Wala msimpe Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga ya tiba aliyopewa mdogo wake. Mdogo ataikosa, na mkubwa anaweza kudhurika.

Hapo kwenye kudhurika nasimama kidogo, kwa kuwa ndipo upendo wa mama huweza kuua. Mtu aliyekaa majuma mengi karibu bila kula hapaswi kushibishwa kwa siku moja. Mwili uliozoea kuchoma akiba yake, ukipokea ghafla bugali nyingi au chai ya sukari tele, huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu hospitalini huanza na chakula kidogo mara nyingi, pamoja na vitamini B1, wakipima damu pale inapowezekana na kuongeza polepole. Akizimia, akivimba miguu, akichanganyikiwa, moyo ukienda mbio au polepole mno, akishindwa kunywa, au akisema anataka kufa, msingoje kupambazuke. Ombeni karatasi ya transferi kwenda Hospitali Kuu ya Rejea ya Nundu, au Baraka kama ndiko njia inapitika.

Huduma ya akili yenyewe ni haba. Kituo kinachojulikana zaidi katika Kivu Kusini ni SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Bukavu. Safari ni ndefu na ina gharama, na hali ya barabara hubadilika. Ulizeni kwanza, na mwombeni daktari awasiliane nao kabla hamjapanda gari. Aliyetendewa ukatili wa kingono anaweza pia kuulizia Hospitali ya Panzi, huko huko Bukavu, ambako matibabu ya mwili huenda pamoja na ushauri wa kisaikolojia.

Maneno matupu hayamponyi mwenye njaa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys alipunguza chakula cha vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kwa karibu miezi sita. Walianza kuota chakula, wakawa na hasira na huzuni, wakajitenga. Njaa peke yake iliwabadilisha. Basi ukimkuta mgonjwa mkaidi, jua sehemu ya ukaidi ule ni njaa inayosema. Mwili ukipata nguvu kidogo, mazungumzo ya wiki kwa wiki na mshauri aliyefunzwa huanza kushika.

Kwa vijana, tiba yenye ushahidi mzuri ilianzia hospitali ya Maudsley, London, na huwaweka wazazi katikati: wao ndio wanaopakua, wanakaa naye hadi amalize, na hawamlaumu. Kwetu kazi hiyo inaweza kufanywa na shangazi au bibi. Ila sinia ya pamoja humficha asiyekula, maana mkono unaingia na kutoka bila tonge. Kwa muda wa matibabu mpakulieni sahani yake, mle naye pamoja, na msizungumzie mwili wake mezani. Baada ya kula, mtu akae naye kama saa moja.

Na mchungaji aambiwe. Mgonjwa huyu asiingizwe katika maombi ya kufunga, hata kama mwenyewe ndiye anayeomba kwa bidii kuliko wote. Pengine hasa kwa sababu hiyo.