UKIFUTWA KAZI, USITIE SAHIHI KWA HARAKA



Juzi mama mmoja wa kikundi alitujia akilia. Alikuwa amepakia maua miaka 6. Supavaisa akamwambia, "Wewe mwizi, toka," kisha akampa karatasi ya Kiingereza atie sahihi. Akatia. Kumbe imeandikwa ati ameacha kazi kwa hiari na hadai kitu!

Uingereza mtu aliyekosa kazi anaweza kupata posho ya serikali, na akiacha mwenyewe bila sababu nzuri hunyimwa kwa muda. Sisi Kenya hatuna posho kama hiyo. Haki yako iko kwa mwajiri, na ukiipoteza umebaki mikono mitupu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema hivi: kabla ya kukufuta kwa makosa, mwajiri lazima akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, mfanyakazi mwenzako akiwapo, na akusikilize. Hata kama anakuita mwizi. Tena kuthibitisha sababu ni juu yake, si juu yako.

Wengi hudhani aliyefutwa hana lake. Si kweli. Siku ulizofanya kazi lazima zilipwe. Anayeumia ni yule anayekasirika na kwenda zake. Kama unalipwa kwa mwezi, unatakiwa kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, la sivyo mwajiri anaweza kukudai mshahara wa siku hizo. Na ukishaacha mwenyewe, ni vigumu kusema umefutwa.

Malalamiko hupelekwa kwa ofisa wa kazi wa serikali ndani ya miezi 3 tangu kufutwa. Huhitaji wakili. Beba barua, kitambulisho, karatasi za mshahara, na majina ya walioona. Miezi hiyo ikipita, bado unaweza kushtaki katika mahakama ya ajira ndani ya miaka 3. Ukishinda, fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12, lakini msiihesabu kabla, maana mahakama yaweza kutoa kidogo sana.

Yule mama alikuja wiki ya 11. Tulikwenda naye kwa ofisa kesho yake. Ile sahihi inamsumbua, ingawa anaweza kueleza kwamba hakusomewa. Kesi bado inaendelea.

Ya kuzungumza kikundini: Nani kati yetu ana barua ya kuajiriwa, na ameiweka wapi? Mtu akiletewa karatasi asiyoielewa, atamwita nani amsomee?