Saa kumi na mbili Dar, mfukoni elfu kumi

Swali: Natoka Ngulyati kwenda Muscat. Nitafika Dar saa tatu asubuhi, nitaondoka saa tatu usiku. Nina elfu kumi tu ya matembezi. Nibaki uwanja wa ndege?

Jibu: Usibaki, ndugu yangu. Toka hadi Barabara ya Nyerere, panda daladala ya Posta. Karibu na hapo, Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927, haina kiingilio. Kisha tembea hadi soko la samaki la Feri: samaki wanakaangwa kwenye makarai makubwa, pweza anakatwa mbele yako. Uliza bei kabla ya kuonja! Mimi napenda zaidi pantoni ya Kigamboni. Kwa nauli ndogo unavuka mlango wa bandari, meli za makontena zikipita jirani. Saa tisa alasiri anza kurudi, foleni ya jioni haina huruma.