Mkono Bandia wa Mtoto: Funzo Kutoka kwa Wanafunzi wa Florida

Mtoto hukua, lakini mkono wa plastiki haukui. Unaomkaa vyema leo utambana baada ya muda, na gharama itaanza upya. Mzazi anayepiga hesabu ya mkono bandia hahesabu mmoja tu.

Mwaka wa 2014, wanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, wakiongozwa na Albert Manero, walimtengenezea mkono bandia mvulana wa miaka 6 aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya mkono wa kulia. Vifaa viligharimu takriban dola 350, yaani kama Sh45,000 kwa viwango vya sasa. Mikono ya umeme inayouzwa na makampuni inaweza kufikia dola 40,000. Wanafunzi hao walijitolea, kwa hivyo hesabu yao haina malipo ya kazi. Baadaye kundi hilo likawa shirika la Limbitless Solutions, ambalo lingali chuoni humo.

Unavyofanya kazi

1. Mkono wa mtoto hupimwa, na vipimo huingizwa kwenye kompyuta.
2. Printa ya 3D huyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka hadi umbo likamilike.
3. Vihisi huwekwa juu ya ngozi ya sehemu ya mkono iliyopo. Mtoto akikaza msuli, vihisi hupokea umeme hafifu unaotoka kwenye msuli huo.
4. Ishara hiyo huwasha mota ndogo ya betri, na vidole hujongea.

Mtoto akikua, vipimo hubadilishwa kwenye kompyuta na sehemu iliyombana kuchapishwa upya. Mota ikiwa bado nzima, inaweza kutumika tena. Hapo ndipo gharama inapopungua.

Bei nafuu pekee haitoshi

Mkono ukiwa mzito au ukimchubua, mtoto atauvua na kuuacha nyumbani. Ni lazima upimwe na mtaalamu wa viungo bandia, na mtoto afundishwe kuutumia. Ukiona wekundu usioisha, kidonda, au mtoto akikataa kuuvaa, mrudishe kliniki mapema. Usimlazimishe.

Mzazi, anzia hapa

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake. Mpeleke mtoto katika hospitali ya umma inayofanya tathmini ya ulemavu, kisha umsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Akisajiliwa, unaweza kumwombea kifaa saidizi. Uliza pia maswali mawili: nani atakitengeneza kikiharibika, na mtoto atapimwa tena lini?

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, kabla ya kuwasha printa, muulizeni mtoto angependa kufanya nini kwa mkono huo: kushika kikombe, kuendesha baiskeli au kudaka mpira. Jibu lake ndilo litakaloongoza kazi yenu.