Kufundisha Somo la Hakimiliki: Tuanze na Swali la "Kwa Nini?"

Mara nyingi hakimiliki hufundishwa kwa maonyo. Mwalimu huandika ubaoni maana ya neno, hutaja Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, kisha huwaambia wanafunzi kwamba anayenakili muziki au filamu bila idhini ni mwizi. Wanafunzi huyaandika hayo madaftarini, na jioni huenda kibandani na flashi zao ili watiliwe filamu. Somo la namna hii halijafundisha kitu.

Napendekeza mwalimu aanze kwa kuuliza: kwa nini mtu mwaminifu, asiyethubutu kuiba kuku wa jirani, huchagua nakala haramu na kuiacha ya kulipia? Kila kikundi cha wanafunzi kiwadodose watu watano au sita, bila kuandika majina. (Hili lisisahauliwe, maana hakuna atakayesema kweli akidhani anapelelezwa.)

Wengi watataja bei. Mwalimu asiridhike na jibu hilo, bali awatume wachimbe zaidi. Mwenye kibanda hupokea fedha taslimu au malipo ya simu, wala haulizi kadi ya benki. Huduma nyingi za ng'ambo ziliundwa kwa kumtazamia mteja mwenye kadi, hali kwetu malipo ya simu yamezoeleka tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tena filamu ya kutazamwa kwa intaneti hula bando, lakini ya kwenye flashi haili. Lililo kubwa zaidi ni lugha. Kibandani filamu ya Marekani au ya India hupatikana ikiwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, anayeeleza, anayetania na kuongeza chumvi. Mara nyingi mwenye haki hakuitoa kamwe kwa Kiswahili. Basi haramia huuza kitu ambacho dukani hakipo.

Historia itasaidia hapa. Napster, iliyoanza Marekani mwaka 1999, iliwawezesha watu kupeana nyimbo bure, na mwaka 2001 ilifungwa kutokana na kesi. Watu hawakurudi madukani kwa wingi. Walihamia programu nyingine za aina hiyo. Lakini duka la iTunes lilipofunguliwa Aprili 2003 na kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za Marekani, nyimbo milioni moja zilinunuliwa katika juma la kwanza. Gabe Newell, mkuu wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve, alidai mwaka 2011 kwamba uharamia ni tatizo la huduma kuliko la bei. Kwa maoni yangu dai hilo ni la mtu anayewatazama wateja wenye fedha. Kwa mwanachuo anayeishi kwa posho, bei ni bei.

Mwalimu asiishie kwenye visingizio. Wako wanaoweza kulipa na hawalipi, kwa kuwa nakala haimpunguzii mwenyewe kitu kinachoonekana: kuku akiibwa banda hubaki tupu, wimbo ukinakiliwa wimbo bado upo. Kinachopotea ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Ikiwezekana, aalikwe mwanamuziki wa mahali hapo aeleze alilipa kiasi gani studio na amepata kiasi gani.

Bila shaka mwanafunzi mmoja atauliza juu ya vitabu vyetu vilivyodurufiwa. Asinyamazishwe. Sheria huruhusu matumizi ya kiasi kwa kufundishia, lakini kitabu kizima kilichodurufiwa na kuuzwa langoni mwa chuo ni jambo lingine, hata kama maktaba ina nakala mbili kwa wanachuo mia. Swali hilo lijadiliwe kwa vipimo vilevile vya filamu: bei, upatikanaji, na haki ya mwandishi.

Katika jaribio, mwanafunzi asiulizwe maana ya hakimiliki. Apewe wimbo mpya wa msanii wa mtaani kwake, aeleze utauzwaje, wapi na kwa kiasi gani, ili wale aliowadodosa wanunue.