Towashi Garini na Simu Zetu

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40, 2 Yohana 12

Kabla ya kuendelea na maneno haya twaomba kila mmoja aifungue Biblia yake, aisome habari ya towashi wa Kushi toka mwanzo hata mwisho. Haifiki aya 20. Asome polepole, na kama yupo mtu nyumbani, asome kwa sauti.

Mtu huyu alikuwa mkubwa wa serikali. Aliweka hazina yote ya Kandake, malkia wa Wakushi. Alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu, naye amekaa garini, katika njia iendayo Gaza, akisoma chuo cha nabii Isaya. Twaona mambo mawili hapo ambayo mara nyingi hupita bila kuangaliwa. La kwanza, alisoma kwa sauti. Twajuaje? Kwa sababu Filipo alipolikimbilia gari alimsikia. Ndiyo iliyokuwa desturi ya watu wengi wa kale. Hata Mtakatifu Agostino, alipomwona Askofu Ambrose wa Milan akisoma kimya kimya, aliliona ni jambo la kuandika katika kitabu chake cha Maungamo. La pili, towashi alipofika mahali pagumu, pale penye habari ya kondoo apelekwaye kuchinjwa, hakuparuka. Alikaa na ugumu wake mpaka akapatikana mtu wa kumwuliza. Filipo akapanda, wakaketi pamoja, na mazungumzo yao yakaishia majini kwenye ubatizo.

Sasa tuifikiri safari hiyo katika basi letu la kwenda mjini. Abiria wote wameinama, kila mtu na simu yake. Huenda mmoja anasoma Isaya, mwingine anatazama mpira, mwingine anapitia picha za harusi ya watu asiowajua. Filipo akikimbia kando ya basi hilo, atasikia nini? Na huyo wa Isaya akifika penye ugumu, kidole kiko tayari kumpeleka kwingine kabla swali halijamwingia moyoni. Hatusemi haya ili kuwasimanga vijana. Wazee nasi tumo, tena sisi tuliostaafu ndio wenye nafasi zaidi ya kuinama.

Yafaa tuseme haki ya simu pia. Mama ambaye macho yamepungua nguvu sasa anakuza herufi za Zaburi mpaka anaziona bila miwani. Asiyejua kusoma anasikiliza Injili ikisomwa. Mtoto aliyeko masomoni mbali anamwona mama yake usoni. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema chombo hiki ni cha Shetani. Hofu kama hiyo ni ya zamani sana: katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedrus, Socrates anasimulia habari ya mfalme wa Misri aliyekataa kusifu maandishi, akiona yatawadhoofisha watu kumbukumbu. Labda alikuwa na sehemu ya ukweli, lakini hakuna kati yetu ambaye angetaka vitabu vichomwe.

Lakini tofauti ipo, na imepimwa. Mwaka 2018 wataalamu wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya tafiti 54 za miaka ya 2000 hadi 2017, zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Walikuta kwamba waliosoma maandishi ya maelezo katika karatasi waliyafahamu vizuri zaidi kuliko waliosoma katika kioo, hasa walipokuwa wamewekewa muda. Kwa hadithi tupu tofauti haikuonekana. Jambo hili latuhusu, maana Waraka kwa Warumi si hadithi tupu. Naye Gloria Mark, mwalimu wa chuo kikuu huko California, amepima kwa miaka mingi jinsi watu wanavyofanya kazi mbele ya kompyuta. Mwaka 2004 walikaa na jambo moja kiasi cha dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia jingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ni kiasi cha sekunde 47. Somo la Agano la Kale Jumapili huchukua zaidi ya hapo.

Sababu si uvivu wa watu peke yake. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Ukifika hapo unakifunga, unafikiri, unakwenda kuteka maji. Mwaka 2006 fundi mmoja wa kompyuta, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kila ukiusogeza huleta mengine. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Wenye biashara hizo hulipwa kwa matangazo, na kadiri unavyokaa ndivyo wanavyopata. Mtu anayesoma Biblia ndani ya chombo hicho ni kama mwanafunzi aliyewekewa dawati katikati ya gulio. Anaweza kusoma, lakini atahitaji nguvu mara mbili.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba baada ya kusoma huja maswali ya ufahamu. Watoto hawakuyapenda, nasi twajua sababu: swali humrudisha mtoto kwenye aya aliyodhani ameimaliza. Katika kurudi huko ndiko kusoma kwenyewe. Na wenye umri wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu kiasi cha milioni mbili wa nchi hii walijiunga na vikundi vyake. Redio ilizungumza, anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio nayo ilikuwa chombo kigeni vijijini siku zile! Lakini iliwekwa katikati ya watu, wakaizunguka. Simu imeshikwa na kila mtu peke yake, na hapo ndipo twaona shida ilipo.

Tuje kwa mambo ya watu na watu. Siku hizi habari ya msiba huingia katika kundi la WhatsApp kabla kengele haijapigwa. Ni vema, maana watu wa mbali hupata habari mapema. Kisha pole zaandikwa moja baada ya moja, na vipicha vya mikono iliyokunjwa, mpaka simu ya mfiwa yajaa. Lakini mkekani nyumbani kwake, usiku wa pili, wamebaki wangapi? Aliyeandika pole huona amekwisha kwenda. Tena kuna zile alama mbili za bluu, zilizoanza mwaka 2014, ambazo zimevunja urafiki wa watu wazima wenye akili zao: «Ameuona ujumbe wangu, hakujibu.» Pengine alikuwa jikoni, au anauguza. Ukimkuta uso kwa uso ungejua kwa dakika moja.

Yohana mzee alikuwa na kalamu, na alijua kuitumia. Hata hivyo, katika waraka wake wa pili, aya ya 12, anasema anayo mengi ya kuandika ila hataki kuyaweka yote katika karatasi na wino, kwa kuwa anatumaini kuja kuonana nao. Naye Yakobo, katika sura ya 5, anataka wazee wa kanisa waitwe kwa mgonjwa, wamwombee na kumpaka mafuta. Mafuta hayatumwi kwa simu.

Kwa wenye zamu ya kusoma masomo kanisani, tuna neno moja. Somo likisomwa katika simu, ujumbe ukaingia katikati, msomaji hupoteza mstari na kanisa lote hupoteza nabii. Chukueni Biblia ya karatasi, msome nyumbani kwa sauti tangu Alhamisi, na penye jina gumu mwulizeni katekista. Sala ya Jumapili ya pili ya Majilio katika Kitabu cha Sala yaomba kwamba Maandiko yashuke ndani yetu kama chakula, na chakula hakimezwi kwa kukimbia.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi, simu zikiwa zimewekwa kapuni mlangoni: Towashi alihitaji nini ambacho kitabu peke yake hakikumpa? Tangu Pasaka, ni mgonjwa gani wa mtaa wetu tuliyemwandikia bila kumtembelea? Nani atakwenda kwake juma hili, na siku gani?