Mdogo wangu, pamba hainyunyiziwi kwa hofu

Wadogo zangu wa Bukundi na Meatu nzima! Najua pamba ikianza kutoa maua mioyo huenda mbio. Jirani akipita na bomba mgongoni, nawe unatafuta la kwako hata shamba hujalikagua. Sikulaumu. Dawa umeichukua kwa mkopo, deni litakatwa kwenye mauzo, na jani likitoboka unaona ada ya mtoto inaliwa. Nani asingeogopa?

Ila hofu hiyo ndiyo inayokumalizia bure ekapaki, ile dawa ya kutosha ekari moja. Ingia shambani asubuhi, kila wiki, ufike mpaka katikati. Usiishie kando ya njia. Funua vile vijani vinavyokumbatia tumba. Ukikuta kitundu, na kinyesi kibichi kimejikusanya mlangoni, ujue funza wa vitumba yumo. Nondo wake hutaga usiku, yai mojamoja, kwenye machipukizi na maua machanga. Mwahi funza angali mdogo, nje. Akishazama ndani ya tumba, unalowesha ganda tu na yeye anaendelea kula.

Na si kila kinachorukaruka kinataka sumu. Mbegu kama UK91, kazi ya watafiti wa Ukiriguru, ina majani yenye vinyweleo vinavyomsumbua chawa jani. Ukinyunyiza mapema bila sababu unaua sisimizi na buibui waliokuwa wanakulinda. Tena wengine mnaizimua dawa ili itoshe ekari mbili, jamani! Funza dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wakizaliana, na mwakani unalalamika kwamba dawa ni feki. Wenzenu wa kilimo hai hapohapo Meatu, waliojiunga na mradi wa bioRe ulioanza mwaka 1994, hupanda mistari ya alizeti katikati ya pamba ili nondo akatage huko. Waulizeni, si aibu.

Sasa hapa nitakufokea kidogo. Dawa ya pamba haiwekwi kwenye choroko za kula. Hainyunyiziwi bamia wala nyanya. Haitumiki kumwogesha mtoto mwenye chawa, hata bibi akisema zamani walifanya hivyo. Najua unachoogopa: wadudu wa ghalani, njaa, macho ya watu. Lakini majuto ni mjukuu, mdogo wangu, na sumu haijui kwamba ulikuwa na nia njema. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji yake yarudishe kwenye bomba, kisha itoboe isije ikatiwa mafuta ya kupikia.

Mume akirudi kutoka shambani, nguo zake usizichanganye na nepi. Aoge kwanza, ndipo ashike mtoto. Mwenye mimba asichanganye dawa, hata kama mikono haitoshi. Na mtu akianza kutokwa na mate mengi, kutapika, au mboni za macho zikisinyaa, usimkimbizie maziwa ukadhani umemtibu. Mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, mpeleke zahanati na chupa yenye lebo, mganga ajue anapambana na nini.

Kuhusu deni, zungumza na mwenzako mapema. Hesabuni pamoja mmenyunyiza mara ngapi na kwa sababu gani. Nyumba nyingi zinagombana wakati wa mauzo kwa sababu mmoja alikuwa anachukua chupa kimyakimya, akimwogopa mwingine. Na ile dawa iliyobaki chini ya kitanda itoe leo, ukaifungie mbali na chakula kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni.